Siku Isiyotiwa Alama: Kibarua na Msafiri Aliyeumia katika Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Tunaposoma Waraka wa Paulo kwa Wagalatia, wengi wetu hukimbilia hoja kubwa za sheria na neema, na mstari wa 13 wa sura ya nne tunaupita kana kwamba ni salamu tu. Hapo Mtume anawakumbusha Wagalatia kwamba mara ya kwanza aliwahubiri Injili kwa sababu mwili wake ulikuwa dhaifu. Hakukaa kwao kwa kuwa ratiba ya safari ilisema akae. Mwili ulikataa, safari ikasimama, naye akakaa. Na katika kukaa kule watu wakasikia Habari Njema. Anakumbuka pia jinsi walivyompokea vizuri pamoja na hali yake ile.

Luka, katika Matendo sura ya 18, anatuonyesha upande wa pili wa mtu huyuhuyu. Huko Korintho Paulo anaishi kwa Akila na Prisila, mume na mke waliolazimika kuondoka Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio, na wote watatu wanashona mahema ili wapate kula. Ndiyo kusema, Mtume alikuwa msafiri wa miguu mwenye kazi mikononi. Tena ilikuwa kazi ya kukaa: sindano, uzi, ngozi au turubai. Mtu mwenye mguu mbovu anaweza kushona hema tangu asubuhi hadi jioni. Tunalitaja hili mapema kwa sababu katika nchi yetu kazi ya kukaa ilikuwa adimu sana. Kazi iliyokuwapo ilikuwa jembe, mzigo na mifugo, na zote tatu zinataka miguu.

Swali tunalotaka kulifuata katika makala hii ni dogo. Mtu aliyekuwa katika safari ndefu ya miguu, akaumia njiani kabla hajafika, alikula nini mpaka apone? Sisi tunaokaa Karatu, chini ya msitu wa Ngorongoro, tuna sababu ya kuuliza. Nchi hii ni ya watembeao. Mwaka 1978, huko Laetoli, kusini mwa bonde la Oldupai, kikosi cha Mary Leakey kilifunua nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano, ambazo wataalamu wanazikadiria kuwa na umri wa miaka milioni 3.6. Wafugaji, wawindaji, wabeba mizigo, watafuta chumvi na watafuta kazi wamepita hapa kwa miguu muda wote ambao historia inaweza kuukumbuka. Na jibu la swali letu, kwa sehemu kubwa, ni neno moja: kibarua.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa. Kibarua ni barua ndogo. Kabla halijawa jina la kazi ya kutwa na la mtu anayeifanya, lilikuwa jina la karatasi: kicheti alichopewa mfanyakazi wa siku kuonyesha kwamba amefanya kazi, ili akidai ujira wake asikataliwe. Mtu akaitwa kwa jina la karatasi yake. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba wao wenyewe ndio barua yake, isiyoandikwa kwa wino. Hatudai kwamba mabaharia na matajiri wa pwani walikuwa wakimfikiria Paulo. Lakini Mswahili akisema mtu huyu ni kibarua, anasema pasipo kukusudia kwamba mtu huyu ni waraka mdogo, na waraka huwa na mtu aliyeuandika.

Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na waya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Posho ya siku ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka. Njia kuu ilipita kusini mwetu, lakini misafara ya Pangani na Tanga iliingia nchi ya Wamaasai, nayo ilikuwa na desturi zilezile. Adui mkubwa wa mpagazi hakuwa simba. Alikuwa kidonda cha mguu: mwiba, jiwe, tope la masika, na tangu miaka ya 1890 funza, mdudu aliyetoka Amerika, akashuka Angola mwaka 1872, akavuka bara zima ndani ya nyayo za watu mpaka pwani ya mashariki. Funza alikula vidole vya watu ambao vidole hivyo ndivyo vilivyowalisha.

Mpagazi asiyeweza kubeba alikuwa hasara kwa mwenye msafara. Mara nyingi aliachwa kijijini au kambini apone, na msafara ukaenda. Hapo ndipo ulipoonekana uzito wa utani. Siku hizi tunaujua utani kama mzaha wa misibani na kwenye harusi, na wengi hawakumbuki kwamba ulipanuka sana katika njia za misafara. Mnyamwezi aliyekwama katika nchi ya Wazaramo hakuwa mgeni mtupu; alikuwa mtani, na mtani aliweza kudai chakula na pa kulala, hata kudai azikwe kwa heshima kama angefia hapo. Aliyepata nafuu alishika jembe la mwenyeji wake, au alitwanga, au alichunga mbuzi, hadi msafara mwingine upite. Hakuna sheria iliyoandikwa iliyolinda mpango huu. Ulilindwa na aibu: aliyemnyima mtani wake leo alijua kwamba kesho mwanawe naye atapita kwao.

Mfano maarufu wa safari iliyokwama kwa sababu ya miguu ulitokea mbali na kwetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Manyema. Tunauleta kwa sababu mtu mwenyewe anajulikana makanisani mwetu, na kwa sababu kisa chake kinatusumbua. Mwishoni mwa Juni 1870 David Livingstone aliondoka Bambarre kuutafuta Mto Lualaba. Watu wake wengi walikuwa wamemkataa. Walibaki watatu tu, Susi, Chuma na Gardner. Njiani miguu ikamtoka vidonda vilivyokula nyama, na tarehe 22 Julai akarudi Bambarre akichechemea. Alikaa ndani ya kibanda siku zipatazo themanini pasipo kuweza kutembea. Dawa iliyomsaidia hatimaye ilikuwa jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa juu ya jiwe lingine na maji, likapakwa kwa unyoya. Katika muda wake wa Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Hakuondoka Bambarre hadi Februari 1871.

Livingstone hakuwa na kazi ya kufanya Bambarre. Hakushona hema. Alikula kwa fadhili ya wafanyabiashara wa pwani, na zaidi ya wote Muhammad Bogharib, Mwislamu, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ambaye mwaka uliotangulia alimbeba juu ya machela akiwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu mpaka Ziwa Tanganyika. Mtu aliyeandika dhidi ya biashara ya utumwa kwa uchungu kuliko wengi wa zama zake aliokolewa na mkono ulioishika biashara hiyo. Julai 1871, huko Nyangwe, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wa aina hiyohiyo wakifyatua bunduki sokoni na kuua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Baadhi ya vitabu vya shule ya Jumapili humruka Bogharib, labda kwa kuwa anaharibu hadithi. Sisi tunaona afadhali abaki. Aliyelala njiani hachagui nani atakayesimama kumwinua, na ukarimu wa mtu haufuti dhambi yake, wala dhambi yake haifuti kibaba alichotoa.

Sasa turudi kwetu. Januari 1892 Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na kamati ya Wajerumani ya kupinga utumwa, aliondoka Tanga na msafara wake. Alipita Ziwa Manyara, akapanda ukingo wa bonde la ufa, na tarehe 18 Machi akafika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Vitabu vya watalii humtaja kama Mzungu wa kwanza kuiona, na hapo husimama. Alichokikuta ndani yake husemwa kwa nadra. Sotoka ilikuwa imepita katika nchi ya Wamaasai si muda mrefu kabla na kuua ng'ombe wengi mno, na ndui ikafuata nyuma yake. Kambi ya Baumann ilizungukwa na watu waliokuwa mifupa: wanawake wenye macho ya njaa, wazee, hata morani wasioweza kusimama vizuri. Waligombea ngozi, mifupa na mabaki ya nyama yaliyotupwa na wapagazi. Baumann anaeleza kwamba wazazi walikuja kutoa watoto wao wabadilishwe kwa kipande cha nyama, na walipokataliwa wakawaficha watoto karibu na kambi, wakaondoka.

Hapa si mtu mmoja aliyeumia mguu. Ni taifa zima lililovunjwa mguu. Mfugaji hutembea kwa ng'ombe wake, na ng'ombe wakifa safari yake inasimama. Walifanya nini? Waliobaki hai wakaenda kwa majirani wakulima ambao zamani hawakuwaheshimu sana: kwa Waarusha na Wameru kwenye miteremko ya Mlima Meru, kwa Wakikuyu upande wa kaskazini. Huko wakalima, wakachunga mbuzi wa watu wengine, wakaoza mabinti, wakaweka watoto rehani kwa nafaka. Kwa mtu aliyelelewa kuamini kwamba kuchimba ardhi ni aibu, kushika jembe la jirani ulikuwa unyonge ambao sisi wakulima hatuwezi kuupima. Wengine waligeuka kuwa watu wa nchi ile moja kwa moja. Wengi wengine, ng'ombe walipozaana tena, waliweka jembe chini na kurudi kwenye malisho. Wamaasai wana jina la kipindi kile, Emutai, yaani maangamizi. Hawana jina la kipindi cha kibarua kilichofuata, na hatuwalaumu.

Tukilitazama jambo hili kwa macho ya imani, tunagundua kwamba Biblia haina aibu nalo. Ruthu alikuwa mgeni mwenye njaa, akaokota masazo katika shamba la Boazi, na sheria ya Walawi sura ya 19 ilikuwa tayari imemwekea masazo hayo kabla hajafika: mwenye shamba hakuruhusiwa kuvuna pembe zote. Kilichowaokoa Wamaasai wa 1892 si kibarua peke yake. Ni kwamba baadhi ya wenye mashamba hawakuvuna pembe zote.

Vita ya Kwanza ilipokwisha na Waingereza kuitawala Tanganyika, uso wa nchi yetu ulibadilika haraka. Wairaqw kutoka milima ya Mbulu walishuka na kupanda kuja Karatu wakitafuta ardhi. Na kwenye miteremko ya Oldeani walowezi, wengi wao Wajerumani waliorudi, walipewa mashamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, wakapanda kahawa. Kahawa inataka mikono mingi kwa miezi michache. Mikono hiyo ilitoka Mbulu, Kondoa na Singida, na ilikuja kwa miguu. Kutoka Singida hadi Oldeani ni zaidi ya kilomita 180 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na hakuna njia ya miguu iliyonyooka. Wengi hawakuwa wakihamia huku. Walikuwa wakitafuta fedha ya kodi ya kichwa, kisha warudi kwao. Wengine walikuwa wakipita tu kwenda mbali zaidi, kwenye mkonge wa Moshi na Tanga, wakasimama hapa kwa sababu mguu ulivimba au fedha ya njiani iliisha.

Hapo kibarua kilipewa mwili mpya ulioitwa kipande. Ilikuwa kadi yenye nafasi thelathini. Kila siku uliyofanya kazi, mnyapara au karani alitia alama katika nafasi moja. Zikijaa thelathini, ulilipwa. Zilikuwa siku thelathini za kazi, si siku thelathini za kalenda, na tofauti hiyo ndiyo roho ya jambo lote. Jumapili haikutiwa alama. Siku ya mvua kubwa haikutiwa alama. Na siku uliyoamka na kidonda kilichoiva, ukashindwa kufika kwenye mstari wa asubuhi, nafasi yake ilibaki tupu. Kipande kilichopaswa kuisha kwa wiki tano kiliburuta miezi miwili au mitatu. Mwenye afya alikifunga haraka na kwenda zake. Mgonjwa ndiye aliyekaa muda mrefu zaidi, akifanya kazi kidogo zaidi, na kulipwa kwa kuchelewa zaidi. Posho yenyewe mara nyingi ilifuata alama: aliyefanya kazi alipimiwa unga, asiyefanya aliwategemea wenzake wa kambi.

Tunapolitafakari hili hatutaki kusema kwamba kila mwenye shamba alikuwa mkatili. Ubaya wa kipande ulikuwa kwamba hakikuhitaji ukatili. Karani mwema kabisa, mwenye kwenda kanisani, aliyetia alama kwa uaminifu bila kumdhulumu mtu hata siku moja, bado aliiacha tupu nafasi ya mgonjwa, kwa sababu hivyo ndivyo kadi ilivyoagiza. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24 Mungu anaamuru kwamba ujira wa mtu maskini ulipwe kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake unautegemea. Kipande kilichukua amri hiyo na kuisogeza mbele kwa machweo thelathini.

Kazi za kukaa zilikuwapo mashambani, lakini chache. Kahawa ikishaoshwa na kukaushwa inahitaji kuchambuliwa: punje mbovu, zilizovunjika na zilizoliwa na wadudu zinatolewa kwa mkono. Mtu aliyekaa kwenye mkeka anaweza kuchambua kutwa nzima hata kama mguu wake umefungwa kitambaa. Kazi ya ulinzi wa usiku nayo ilimfaa asiyeweza kubeba. Kwa hiyo msafiri aliyeumia hakuomba tu kazi. Aliomba kazi ya namna fulani, na kuipata kulitegemea kama kuna mtu anayemjua msimamizi. Ule utani wa njia za misafara ulikuwa umebaki na nguvu kidogo tu ndani ya kambi za kahawa. Ndugu wa kabila moja walipokezana unga. Kwa wengine, nafasi ya mtani ilianza kuchukuliwa na vikundi vya sala vilivyokutana jioni.

Mwaka 1939 vita vingine vilipoanza, walowezi wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakachukuliwa na serikali kama mali ya adui. Wenye mashamba walibadilika. Kadi haikubadilika.

Jambo hili la safari kukatizwa na kibarua halikuwa letu peke yetu. Huko Sudan, ndugu Waislamu kutoka nchi za Wahausa na Wafulani, Afrika Magharibi, walikuwa wakitembea kuelekea Makka kwa ajili ya hija, safari iliyoweza kuchukua miaka. Mradi mkubwa wa pamba wa Gezira ulipoanza mwaka 1925 kwa maji ya Bwawa la Sennar, maelfu yao walisimama hapo kuchuma pamba ili wapate nauli ya kuvuka Bahari ya Shamu. Wengi walifika Makka. Wengi hawakufika wala hawakurudi. Vijiji vyao viko pale mpaka leo, na wajukuu wao wanajulikana kwa jina la watu waliokuja wakipita. Tukilisoma hilo tunajiona. Karatu ya leo ina Wairaqw, Wambulu wa kila upande, Wanyiramba, Wanyaturu, Warangi, Wachaga, Wamaasai, Wabarbaig. Katika benchi moja la kanisa letu unaweza kuketi kati ya wajukuu wa watu watatu waliofika kufunga kipande kimoja tu.

Kuna mfano wa Bwana Yesu ambao tunaujua kwa moyo mpaka hatuusikii tena. Mtu mmoja alikuwa akishuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Alikuwa katika safari ya miguu. Aliumizwa. Msamaria alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, na kesho yake akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba. Kwa nini dinari mbili? Luka hasemi, lakini Mathayo sura ya 20 inatupa kipimo, kwa kuwa pale mwenye shamba la mizabibu anapatana na vibarua wake kwa dinari moja kutwa. Basi dinari mbili ni ujira wa siku mbili. Kwa lugha ya Oldeani, Msamaria alichukua kalamu ya karani akatia alama katika nafasi mbili za kipande cha mtu ambaye hakufanya kazi. Kisha akaahidi kwamba zikizidi atazilipa akirudi. Mwenye nyumba ya wageni hakuambiwa ampe mgonjwa ufagio.

Sasa tunao Paulo aliyeshona mahema, na tunaye mtu wa Yeriko aliyelala tu. Wote wawili ni wasafiri waliokwama, na Maandiko hayamkemei yeyote kati yao. Wengine kati yetu humnukuu Paulo kwa Wathesalonike kuhusu kazi na chakula kila inapoletwa hoja ya kumsaidia mtu. Lakini neno lile linamhusu asiyetaka kufanya kazi. Asiyeweza hakuguswa. Kuchanganya hayo mawili ni kosa la kipande: kadi haina nafasi ya kuonyesha kama mtu hakuja kwa uvivu au kwa kidonda. Zote mbili zinaonekana sawa, tupu.

Kadi ya nafasi thelathini imeondoka. Mchumaji wa kahawa wa leo hulipwa kwa debe, na kule Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kazi ya vitunguu hupimwa kwa jaruba au kwa gunia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Ni sheria njema, na hatusemi vinginevyo. Lakini kwa kawaida ambaye hajatimiza miezi sita kazini haingii katika likizo yenye malipo, na kibarua ambaye ameshuka juzi kutoka Endulen kwa sababu ukame umeua ng'ombe wa baba yake, au aliyetoka Iramba akitafuta nauli ya kwenda mbele, hana miezi sita. Ana wiki mbili. Akijikata na jembe, au akiteleza na ndoo kwenye mtaro wa kahawa, hakuna debe siku hiyo. Vijana wa Kimaasai wanaolinda maduka na nyumba zetu usiku wanafahamu hesabu hii vizuri kuliko sisi tunaowalipa, na wengi wetu tunaosoma kitabu hiki ni waajiri wa namna hiyo: wa mlinzi mmoja, msichana wa kazi mmoja, vibarua watatu wa kupalilia mahindi.

Katika usharika wetu jambo hili liliibuka katika mazungumzo juu ya sadaka ya mavuno. Kila mwaka, baada ya ibada, mazao yaliyoletwa madhabahuni hunadiwa nje ya kanisa. Mkungu wa ndizi huuzwa kwa bei ambayo hakuna soko lingeilipa, na watu hucheka na kushangilia. Kina mama wa diakonia walipendekeza sehemu ya fedha hiyo itengwe kulipia siku za kibarua aliyeumia, awe mshirika au asiwe, awe Mkristo au asiwe, kuanzia siku mbili. Waliuliza tu swali la dinari. Wapo waliounga mkono mara moja. Wapo waliosema wageni watajifanya wagonjwa. Mzee mmoja aliyezaliwa katika kambi ya kahawa alisema kwamba katika kambi ile wagonjwa walijifanya wazima, hakuwahi kumwona mzima anayejifanya mgonjwa. Mwingine aliuliza nani atashika kalamu, yaani nani ataamua kwamba kidonda hiki ni kidonda, na hilo ni swali la haki ambalo halijajibiwa vizuri na mtu yeyote kati yetu.

Baraza la wazee limeliahirisha shauri hilo mpaka baada ya mavuno, ili kwanza ionekane kiasi kitakachopatikana mnadani. Uchumaji wa kahawa Oldeani utaanza katikati ya mwaka, na watu wameshaanza kushuka.